Zamu Niliyoila kwa Jicho la Kushoto

Wewe kijana unayesoma hii, kama unakaa Kolwezi, mkono wako umekwisha kugusa kazi yangu. Pita Manika, hesabu milango kumi ya chuma ya malupango, nyua za nyumba za watu: mitatu nimeichomea mimi. Ule wa kanisa wenye njiwa wawili wa chuma wanaotazamana, ni mimi. Na ile ya Kasulo isiyo na hata tundu la kuchungulia ni mimi vilevile. Wenye kuiagiza waliniambia wanaogopa wezi, kumbe walikuwa wanachimba kobalti chini ya vitanda vyao. Mtu akikuagiza mlango usio na tundu, usimwulize kitu, mwongezee bei.

Watu wanasema ninajisifu. Ni kweli. Shule niliiacha mwaka wa nne wa msingi, na leo wenye diploma wananiita Tata Milango, yaani Baba Milango, kwa heshima, na wanangoja nimalize kula ndipo waanze kusema shida yao. Kazi ya kuchomea nimeiacha kabla sijafika miaka makumi tano. Sikufukuzwa, sikugonjwa, sikuchoka. Nimeacha kwa sababu ninaweza. Ateliye yangu, karakana ya milango, inaendeshwa na watu niliowafundisha mwenyewe, na mi ninakuja pale asubuhi kunywa chai na kuwaonyesha mahali walipokosea.

Vijana wananiuliza mambo mengi pale. Namna ya kuchomea bati jembamba bila kulitoboa: gusa, toa, vuta pumzi, gusa tena, kama unashona siyo kama unapaka rangi. Namna ya kujua kwamba mlango utakaa sawa: upime kona kwa kona, usiamini macho ya mteja. Lakini hakuna aliyeniuliza swali ambalo lingempa miaka mingi ya kazi. Ni hili: wewe ni kijana, unajitegemea, hujawahi kulala hospitali hata siku moja, je, uingie mutuele ya afya, chama cha kuchangiana matibabu, utoe franga zako kila mwezi, ao uache mpaka uzeeke?

Nitajibu hata kama hamkuuliza. Mimi mwenyewe nilijibu vibaya mara mbili kabla sijajibu vizuri, na nilikuwa karibu kulipa kwa jicho langu la kushoto.

Aliyenifundisha kazi ni Tata Kalenga, mtu mfupi, mkali, mwenye masikio makubwa, na masikio ndiyo yaliyokuwa chombo chake cha kwanza. Alisimama nyuma yako akiwa amekupa mgongo, na bila kugeuka alikuambia kwamba mkono wako uko juu mno. Alisema moto mzuri wa kuchomea unalia kama mafuta ya mama anayekaanga mikate: ukinyamaza umekufa, ukipiga kelele unachoma bure. Zamani alikuwa katika ateliye ya kampuni kubwa ya shaba. Wakati ule, alituhadithia, mfanyakazi hakujua bei ya dawa. Mke akizaa, mtoto akipata homa, wewe ukiangukiwa na kitu, unabeba karatasi ya kampuni tu na hospitali inakupokea. Kisha kampuni ikalegea, karatasi zikaisha nguvu, naye akanunua mashine moja ya zamani ya kuchomea na kuiweka chini ya manjanja manne, mabati ya paa, kwenye njia ya kwenda Kingamyambo.

Nilipofika miaka makumi mbili na tatu nikaona nimekwisha kujua yote. Nikamwambia ninataka kusimama peke yangu. Hakukasirika. Alinikodisha mashine yake ya pili, akaja mahali pangu mpya siku ya kwanza, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kutazama kila kitu.

"Sasa weye njo patron?" akaniuliza.

"Njo mi, tata."

"Na mufanyakazi ni nani?"

"Ni mi vilevile."

"Sawa. Mufanyakazi akigonjwa, patron atamupeleka hospitali kwa karatasi gani?"

Nilicheka. Nikamwambia patron anamjua mfanyakazi wake vizuri, na huyu hagonjwi. Tata Kalenga hakucheka. Akanieleza kwamba kuna mutuele ya mafundi: washonaji, maseremala, washona viatu, wachomea chuma. Kila mwezi wanachanga kwa Mama Ngoie, mkunga aliyestaafu, mwenye meza yake karibu na soko la Manika.

Katika maneno yale yote mimi nilishika moja tu: wanachanga. Kwetu mtu akisema wanachanga, kichwa kinakwenda moja kwa moja kwa likelemba. Unaijua: mko kumi, kila mwezi kila mtu anatoa, mmoja anabeba yote, mwezi unaofuata mwingine, mpaka kila mtu amekula zamu yake. Nilikuwa nimekwisha kupita katika tatu. Sasa nikapiga hesabu: kama likelemba ya watu kumi inaninunulia baiskeli, hii ya mafundi wa mji mzima itanipa nini? Mashine yangu mwenyewe ya kuchomea, mpya, ya rangi ya bluu. Kesho yake asubuhi nilikuwa wa kwanza kwenye meza ya Mama Ngoie. Tata Kalenga akawaambia watu kwamba kijana wake ana akili. Nilikubaliana naye.

Hilo ndilo lilikuwa jibu langu la kwanza. Niliingia mutuele kwa sababu ya uongo niliojiambia mwenyewe.

Nililipa mwaka mzima bila kuruka mwezi. Kila mara nilimwuliza Mama Ngoie kwa kutabasamu kama zamu yangu imekaribia, naye alijibu, "Mungu aisongeze mbali, mwanangu." Niliona ni mama mwenye ujanja, anataka kuwapatia ndugu zake kwanza. Nikamsamehe moyoni. Mwaka ungekwisha tu, angenipa.

Sasa sikilizeni habari ya jicho, kwa sababu hapa kuna kazi.

Mwezi wa mwisho wa mwaka ule nilipata oda ya mlango wenye simba wawili, wa mfanyabiashara mmoja wa samaki wa chumvi. Mnajua kwamba ukimaliza kuchomea, mshono unabaki na gamba jeusi juu, na gamba lile unalipiga kwa nyundo yenye ncha ili uone kama chini yake pameshika. Gamba linaruka, tena lina moto. Miwani nilikuwa nayo. Ilikuwa kwenye paji la uso. Sisi wote tulivaa hivyo, kwa sababu ya jasho, na pia kwa sababu miwani kwenye paji la uso inaonyesha kwamba wewe ni fundi. Nikapiga gamba chini ya mguu wa simba, kitu kikaingia katika jicho la kushoto. Nikasugua kwa mkono, nikaendelea na simba.

Jioni jicho likawa kama limejaa mchanga. Hakuna mchomea chuma asiyejua mchanga ule. Ukitazama moto bila maski, hata kidogo, jioni unatoka machozi. Kila mmoja ana dawa yake. Mwingine anaweka chai baridi, mwingine maziwa ya mama anayenyonyesha, na dawa hiyo ina shida ya kwenda kuiomba. Mimi nilikuwa mtu wa kiazi cha Ulaya. Unakikata vipande vyembamba, unalala navyo juu ya macho, asubuhi umepona.

Asubuhi jicho moja lilikuwa zima na lingine bado linalia. Nikakata kiazi kingine. Siku ya tatu, kiazi. Siku ya sita nikabadilisha, nikanunua kiazi cha maganda mekundu. Siku ya kumi jicho lilikuwa jekundu kama nyanya, na mimi niliwaambia wateja kwamba hii ni alama ya kazi. Waliinamisha kichwa kwa heshima. Ninawaambia ukweli, nilianza kulipenda.

Mwaka wa mutuele ukakaribia kuisha. Nikavaa shati safi, nikaenda kudai zamu yangu. Kwenye benchi mbele ya meza ya Mama Ngoie walikuwa wameketi watu watatu ao wanne wakingoja kulipa, na katikati yao Muzee Paskali, mshonaji mwenye cherehani yake palepale sokoni, ambaye mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake.

"Mama, ninakuya kutwaa zamu yangu," nikasema.

"Zamu ya nini?"

"Ya mwaka. Nimelipa miezi yote. Sijakula hata siku moja."

Mama Ngoie akavua miwani yake. "Uko mugonjwa?"

"Hapana. Mi niko muzima kabisa. Njo maana ninataka yangu yote."

Benchi lote lilitetemeka kwa kicheko. Muzee Paskali akafuta machozi kwa kipande cha kitambaa. "Mama, mupatie huyu kijana zamu yake," akasema. "Mupe ya kuzaa. Na ikuwe ya mapacha, juu amelipa muzuri."

Mama Ngoie alinieleza taratibu, kama anavyoeleweshwa mtoto. Kwamba hapa hakuna zamu ya kupangwa. Kwamba mwenye kupona anamlipia mwenye kugonjwa, na hakuna anayejua kesho atakuwa nani. Maneno yalikuwa wazi, lakini aibu ilikuwa imeziba masikio yangu. Nilichosikia ni kwamba mwaka mzima nimewalipia watu wengine dawa, na mashine ya bluu haipo.

Nikarudi ateliye na hasira. Nikakata shauri: ninatoka mutuele. Lakini sitoki tumbo tupu. Kadi yangu ya mutuele ilikuwa na siku nne bado za kuishi. Nitakwenda hospitali, nitagonjwa kila kitu, nitakula mwaka wangu wote asubuhi moja. Hilo ndilo jibu langu la pili, na lilikuwa baya kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza lilikuwa ujinga na la pili lilikuwa wizi.

Nilifika hospitali asubuhi ileile. Walitwaa kadi, wakaitazama, wakanipeleka kwa daktari mmoja, binti kijana, munganga Beatrisi. Nikaanza. Mgongo unaniuma. Magoti vilevile. Tumbo linazunguka. Kifua kimebana. Meno mawili ya nyuma. Nilizungumza mpaka nikakosa kiungo kingine cha kutaja. Yule binti hakuwa mvivu. Alibonyeza tumbo, alipiga magoti kwa kinyundo, akasikiliza kifua mbele na nyuma, akapima damu, akatazama meno. Mwishoni akaweka kalamu chini, akaniita yaya, yaani kaka mkubwa.

"Yaya, ningekuwa na mwili sawa wako, nisingekuya hospitali hata kusalimia muntu."

Nikamwambia atafute vizuri, nimelipa. Akasema ametafuta. Nikasimama, nimeudhika, nimekwisha kushika kitasa cha mlango, mlango mbaya, bawaba mbili tu na zote zimechomewa upande. Ndipo akasema nyuma yangu:

"Na lile jicho?"

"Hili ni la kazi tu. Ninachomea chuma."

"Ni kazi gani ile inachagua jicho moja?"

Ninataka mlishike neno lile, vijana. Nimefanya kazi na watu wenye miaka makumi tatu katika chuma, Tata Kalenga mwenyewe na masikio yake, na hakuna aliyewahi kulisema. Mwanga wa moto unaingia macho yote mawili, hauchagui. Macho mawili yakiuma pamoja, ni mwanga, na kesho ao kesho kutwa yatapona, na kiazi ao bila kiazi. Jicho moja likiuma na lingine limetulia, ni chuma. Kimbia hospitali siku ileile. Kama mtasahau yote niliyoandika hapa, msisahau hilo.

Akanikalisha mbele ya chombo chenye taa, kidevu juu ya kibao. Akatazama muda mrefu. Akamwita mwenzake, naye akatazama, wakasemezana Kifaransa polepole, na mimi Kifaransa changu ni cha kuuza milango tu. Kisha akanieleza. Kuna kipande cha chuma ndani ya kioo cha jicho, kidogo kuliko chembe ya chumvi. Kimekwisha kupata kutu. Kutu imeanza kutembea, na pembeni kuna kidonda kimeanza kuoza. "Ungekuya juma lijalo," akasema, "pengine tusingeongea juu ya kuliponyesha. Tungeongea juu ya kulitoa."

Funga jicho lako moja sasa hivi. Chukua kalamu kwa mkono mmoja, jaribu kugusa ncha ya kalamu nyingine. Umekosa, si ndiyo? Sasa fikiri kalamu ile ni moto na mahali pa kugusa ni mshono mwembamba kama uzi. Mchomea chuma wa jicho moja anauza bawaba sokoni. Mimi niliyekuja kuwaibia mafundi wenzangu, nilikaa pale kwenye kiti, nimesahau magoti na meno yote niliyodanganya kwamba yanauma. Nikamwuliza kwa sauti ndogo kama mutuele inalipa hii. Akatazama kadi. "Iko na siku ine," akasema. "Inalipa. Usitikise kichwa."

Alitia matone, jicho likafa ganzi. Sindano nikaiona ikija, na huwezi kufunga. Chuma kikatoka. Kisha akaanza kukwangua kutu, taratibu, kama ninavyokwangua mlango wa zamani kabla ya rangi. Sikuweza kunyamaza, hii ndiyo kazi yangu. Nikamwambia, "Munganga, kutu usipoimaliza yote, rangi haishiki." Naye bila kuinua uso: "Nyamaza, yaya. Njo ninaimaliza."

Aliimaliza. Siku nane za matone na bandeji, na jicho likarudi. Leo ninaingiza uzi katika sindano ya mke wangu wakati wajukuu wa dada yake wanatafuta tundu. Katika Kolwezi yote mimi ndimi mtu pekee aliyeokoa jicho lake kwa kusema uongo, na siwashauri mjaribu. Ningeweza kwenda siku ya pili, na kadi ileile, kwa mlango uleule, nikisema ukweli. Nilikuwa nimelipa tayari. Nilifikiri tu kwamba kadi ni ya kubeba, siyo ya kutumia.

Kwa hiyo niwaambie ninachokijua. Ingia mutuele ungali mzima, kwa maana nyingi zinakutaka ulipe miezi kadhaa kabla hawajakugharamia kitu. Ukingoja ugonjwa ndio uingie, umechelewa. Kabla ya kutoa franga, uliza hospitali gani zinapokea kadi hiyo, na uende mwenyewe kuwauliza kama ni kweli. Uliza wasicholipa. Watakaokasirika ukiuliza, waache. Lipa mbele miezi ya kiangazi, wakati watu wanajenga na oda ni nyingi, maana mvua ikija milango inapungua lakini malaria haipungui. Na ukiwa na uchungu usiouelewa, usiuite alama ya kazi. Katika ateliye yangu hakuna anayeshika mashine bila kadi mfukoni na miwani machoni. Nimesema machoni.

Sasa nimalize habari ya mutuele, maana bado nilikuwa na jibu moja la kutoa.

Siku ya ine ilifika, mwaka ukaisha, na mimi nikiwa na bandeji. Kwa haki ningeweza kutoka. Nilikuwa nimekula kuliko nilivyotoa, mara nyingi. Nilikaa juu ya ndoo yangu nikawaza, na kilichonisaidia siyo maelezo ya Mama Ngoie, ni ile likelemba yangu ya kijinga. Katika likelemba kuna mtu mmoja anayechukiwa kuliko mwizi wa kuku. Ni yule anayekula zamu yake wa kwanza halafu anatoweka. Hasalimiwi. Mke wake akienda kwa mashine ya kusaga anaambiwa umeme umekatika. Nikajiuliza, franga zilizolipa sindano ile zilitoka wapi? Kwa maseremala. Kwa washona viatu. Kwa Muzee Paskali, aliyenicheka, na ambaye alikuwa amelipa miaka sita bila kulala hospitali hata siku moja. Miaka yake ilikuwa ndani ya jicho langu. Nikitoka leo, mimi ndiye yule wa kukimbia.

Nikavaa tena shati safi. Mwaka ule walikuwa wameanza kutaka picha juu ya kadi, kwa hiyo nikapita kwanza kwa mpiga picha wa sokoni. Aliniambia nirudi bandeji ikitoka, picha ya kadi haipigwi hivyo. Nikamwambia apige hivyohivyo. Kama wananitaka, wanijue kama mtu aliyekula na akarudi. Akapiga, na mimi nikacheka na meno yote kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Kwenye meza nikaweka malipo ya miezi sita ya mbele na picha juu yake. Mama Ngoie aliitazama, akanitazama. Aliibandika, akapiga muhuri juu ya bega langu la karatasi, akaandika jina langu kwa mwandiko wake mzuri. Kwenye benchi alikuwa yuleyule mshonaji. Nilikuwa nangoja neno la Muzee Paskali, nimekwisha kutayarisha jibu.

Muzee Paskali alisogea pembeni, akapiga ubao kwa kiganja mahali alipokuwa ameketi.

"Kaa hapa, tata," akasema. "Utuambie ile sindano inauma namna gani."

Nilikuwa na miaka makumi mbili na ine, jicho moja limefungwa, na mzee yule akaniita tata mbele ya soko lote la Manika. Nikaketi, nikawaeleza, na sikuwapunguzia hata kidogo.